Nimerudisha sahani ya futari na noti juu yake, nimekosea wapi?

Mgeni wa Michenzani
Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa bara, nimepanga katika maghorofa ya Michenzani, hapa mjini Unguja, tangu mwezi wa Rajabu. Tangu kuandama kwa Ramadhani, jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo, amekuwa akiniletea futari: siku moja majimbi ya nazi, siku ya pili tambi, siku ya tatu mikate ya kumimina, na kila sahani imefunikwa kawa. Mimi hurudi kazini nimechoka, sina zaidi ya uji. Juzi niliona haya kurudisha sahani tupu kwa mara ya nne, nikaikosha, nikaweka noti ya shilingi 5,000, nikampa mwanawe. Haikupita robo saa mtoto akarudi na noti ile ile imekunjwa ndani ya karatasi, akasema, "Mama anakusalimu." Tangu hapo sahani haijaja.

Bibi wa Wete
Waalaykum salaam, mwanangu. Kwamba hukukusudia ubaya analijua, ndiyo maana noti imerudi na salamu. Lakini pesa juu ya sahani humfanya jirani mchuuzi. Pale Forodhani unakula, unalipa, mnaachana, wala hapana lawama. Kwa jirani hatutaki kuachana. Kwetu Pemba sahani hairudi tupu, ila kinachorudi hakipimwi. Mama yangu, siku ambazo jikoni hamkuwa na kitu, alitia asumini za uani, na hakuna aliyecheka. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharri kwamba apikapo mchuzi azidishe maji ili awaangalie jirani zake. Ni maji aliyoambiwa azidishe, mwanangu, si nyama.

Mchuma Karafuu
Namuunga mkono Bibi, ila mimi naona kosa halikuwa noti peke yake. Hata ungeweka biriani, kurudisha papo hapo kwa kitu kinacholingana ni kama kusema, "Sasa hunidai." Binadamu hupenda kutoa kuliko kupokea, kwa sababu mwenye kupokea hujiona yuko chini, na wengi tunaoharakisha kulipa fadhila tunaikimbia haya yetu wenyewe, si kwamba tumezidi shukrani. Sikatai kwamba wapo majirani wanaopeleka sahani ili zihesabiwe, na siku ya pili ukazisikia habari zake kwenye ngazi. Huyu wako, aliyekurudishia noti ndani ya karatasi ili hata mtoto asiione, simuweki katika kundi hilo.

Shoga wa Kikwajuni
Safari hii usimtume mtoto. Nenda mwenyewe baada ya tarawehe, upige hodi, na habari ya noti usiitaje kabisa, maana ukiomba radhi utamlazimisha naye aanze kujieleza.

Mgeni wa Michenzani
Ahsanteni sana. Nilikwenda jana usiku na tende kidogo nilizozifunga kwenye karatasi. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama uji wangu huwa natia pilipili manga, akanicheka niliposema sitii. Nilipoondoka nilikuwa nimeshika sahani ile ile, na kawa juu yake.