Mdogo wangu amenusurika ajali ya kichwa, sasa anadai funguo za pikipiki: naomba ushauri

Mwalimu_Nkuhungu:

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma pamoja na mama yetu mzazi na mdogo wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 26, ambaye ndiye sababu ya uzi huu.

Miezi 7 iliyopita, akitoka Kibaigwa usiku na pikipiki ya mkataba, alimgonga punda aliyekuwa amesimama katikati ya barabara, na helmeti alikuwa ameitundika kwenye usukani kama ilivyo desturi ya bodaboda. Alikaa siku 9 bila fahamu, akafanyiwa upasuaji wa kutoa damu iliyovilia ndani ya fuvu, na kwenye karatasi ya ruhusa wakaandika GCS 7/15, ambayo mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, niliisoma kama alama za mtihani aliokaribia kufaulu. Hatukuelezwa mengi zaidi ya kumfanyisha mazoezi ya mkono na mguu wa kushoto.

Mwili umeinuka vizuri. Anatembea mwenyewe mpaka kituo cha daladala, anashika kijiko, na asiyemjua haoni kitu isipokuwa lile kovu. Kinachotushinda ni mtu aliyemo ndani. Akitumwa maji anarudi bila ndoo. Wiki iliyopita alitia chumvi kwenye mlenda, akakoroga, akaweka mwiko chini, kisha akatia chumvi tena. Mama alipomwambia, aliipiga teke sufuria ikamwagika yote, na huyu ni kijana ambaye kabla ya ajali hakuwahi kumwinulia mama sauti. Kwenye msiba wa jirani alicheka kwa nguvu wakati wa kuaga mwili. Mjomba anasema ni kiburi, shangazi anasema amechezewa na tumpeleke kwa mganga, na majirani wana neno moja tu, "Mirembe", ile hospitali ya magonjwa ya akili, neno ambalo mama akilisikia hulia.

Mwezi wa nne alianguka kifafa. Alipewa dawa, lakini anazimeza anapojisikia kwa sababu anasema zinampa usingizi.

Sasa tajiri wake, yaani mwenye pikipiki, ameitengeneza na yuko tayari kumrudishia kwa hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku. Kila asubuhi anadai funguo na kusema, "Nimepona, mnanifanya mtoto." Mshahara wangu ndio unaotulisha sote, kwa hiyo sitaficha kwamba nimeshawishika. Je, tumruhusu? Na je, huyu tuliye naye sasa ndiye atakayebaki hivi?

Kijana_wa_Kijiweni:

Pole sana dada. Mimi ni dereva, na kwa maoni yangu kukaa nyumbani ndiko kunakomchanganya, kwa maana mwanaume asiye na kazi huanza kuwaza yasiyokuwepo. Mpeni aendeshe mchana tu, bila abiria, mtaani kwenu, halafu mumwangalie kwa wiki mbili.

Tabibu_Mstaafu:

Mwalimu, pole wewe na mama. Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi, na nitaanza na swali la pikipiki kwa sababu hilo halina pande mbili: asiendeshe. Mtu aliyeanguka kifafa miezi kadhaa baada ya jeraha la ubongo yuko katika hatari kubwa ya kuanguka tena, na kifafa hakimsubiri mtu aegeshe. Uingereza, mwenye kifafa haruhusiwi kuendesha hata pikipiki mpaka atimize miezi 12 bila kuanguka, ilhali ndugu yetu bado anachagua siku za kumeza dawa. Kijana wa kijiweni amesema kwa nia njema, ila kutobeba abiria hakumwondolei hatari yeye mwenyewe wala mtoto anayevuka barabara. Dawa zisikatizwe ghafla, kwani kuzikatiza kwenyewe huweza kuleta kifafa. Kama zinampa usingizi, mwambieni daktari apunguze kipimo au abadilishe dawa. Pombe, wanzuki ikiwemo, hapana.

Ile 7/15 ni kipimo cha fahamu kilichotungwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1974 na madaktari Teasdale na Jennett. Hupima mambo matatu, yaani kufungua macho, kusema na kujongeza viungo. Cha chini kabisa ni 3, cha juu ni 15, na kuanzia 8 kushuka chini jeraha huhesabiwa kuwa kali. Kwa hiyo mdogo wako hakukaribia kufaulu, alikaribia kufa, na ni vizuri mjomba ayajue hayo kabla hajasema tena habari za kiburi.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo breki ya mtu. Hapo ndipo tunapozuia kicheko msibani na mguu usiipige sufuria, na hapo pia ndipo tunapopanga kazi yenye hatua nyingi. Pakiumia, mtu huona sawasawa na husema sawasawa, lakini hana breki, na jambo gumu kuliko yote ni kwamba mara nyingi hajui kuwa hana. Anaposema amepona hadanganyi wala habishi. Kubishana naye ni kumtaka atumie kiungo kilekile kilichovunjika.

Kuhusu Mirembe, hospitali hiyo ipo tangu 1927, na jina lake limegeuzwa tusi mitaani, jambo lililowanyima tiba watu wengi. Katika hospitali zetu za serikali kifafa hutibiwa mara nyingi kwenye kliniki ya afya ya akili, kwa hiyo mkielekezwa huko, nendeni bila aibu. Ulizeni pia huduma za utengamao, na hasa mtaalamu wa tiba kazi, kwa sababu mtaalamu wa viungo huuinua mguu, lakini wa tiba kazi ndiye anayemfundisha mtu upya kupika, kwenda dukani na kurudi na chenji.

Swali lako la mwisho ni gumu. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi 6 ya kwanza, kisha hupunguza mwendo lakini haisimami, na wapo wanaoongeza jambo jipya mwaka wa pili na hata baadaye. Ila baada ya siku 9 bila fahamu sitakudanganya kwamba atarudi kuwa yuleyule. Mara nyingi kuna kitu hubaki. Kichwa kikianza kumuuma kwa kuzidi, akitapika au akisinzia kupita kawaida, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mama_Hombolo:

Mwalimu, mwenzangu katika haya, mume wangu alianguka kutoka juu ya lori la zabibu miaka minne iliyopita. Kwa mganga tulikwenda, tukatoa mbuzi wawili, tukaambiwa aache dawa za hospitali, na kabla ya wiki kwisha alianguka mara tatu kwa siku moja. Sikulaumu ukifikiria, ila dawa zisiguswe.

Yaliyonisaidia ni haya. Nilianza kuandika saa za hasira zake, nikagundua karibu zote ni alasiri, wakati amechoka, redio inalia na watoto wametoka shule. Siku hizi akila mchana analala saa nzima chumba kikiwa kimya, na ugomvi umepungua zaidi ya nusu. Usimpe maagizo mawili kwa pamoja. Ukisema "chukua ndoo, nenda bombani, ukirudi pitia chumvi", umempoteza kwenye ndoo. Mpe daftari dogo la mfukoni aandike mwenyewe kwa mkono wake, na kila kitu kikae mahali pamoja siku zote. Na usimkumbushe makosa mbele za watu, kwa sababu aibu bado anaisikia hata kama breki hana.

Msomaji_wa_Zamani:

Naongeza kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa na mtaimbo wa chuma kichwani, ukaharibu sehemu ya mbele ya ubongo. Aliishi, ila rafiki zake walisema si yule Gage waliyemjua. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baadaye alifanya kazi kwa miaka kadhaa nchini Chile akiendesha gari la abiria la kukokotwa na farasi, kazi yenye ratiba ileile kila siku, jambo linalowafanya baadhi ya watafiti waamini kuwa alirudisha sehemu kubwa ya utu wake. Alikufa mwaka 1860 baada ya kushikwa na kifafa, kwa hiyo kijana wa kijiweni asinukuu ile habari ya kuendesha akaiacha hii ya kifafa.

Kijana_wa_Kijiweni:

Nimeelewa, mkuu, nilikosea. Dada, kijiweni kwetu tuna sehemu ya kuoshea pikipiki. Mdogo wako hawezi kuja asubuhi kuosha? Ataketi na wenzake na atashika pikipiki, ila funguo zitakaa kwangu.

Mwalimu_Nkuhungu:

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia siku 12. Mjomba nimemsomea jibu la Tabibu neno kwa neno; hakusema kitu, ila kesho yake alikuja na mkungu wa ndizi na kukaa naye. Tajiri amekubali kumtafutia pikipiki dereva mwingine. Mdogo wangu huosha kuanzia saa 1 hadi saa 4, kisha anarudi na kulala. Siku mbili za kwanza alikasirika kweli, siku ya tatu aliondoka kabla sijaamka. Daftari analo. Ukurasa wa jana umeandikwa "dawa saa 2", chini yake "ndoo ya bluu ni ya kwetu", na chini zaidi "mama, sufuria", ambapo sikuuliza anamaanisha nini.

Kliniki ni Jumanne. Tabibu, niende na daftari lenyewe au nimwandikie daktari muhtasari?

Tabibu_Mstaafu:

Nenda na daftari lenyewe, na umwache alifungue yeye. Wewe andika kando tarehe aliyoanguka kifafa, kilidumu dakika ngapi, na upande gani wa mwili ulianza kutikisika.