Trauti wa mito ya Montana: lini niende, lini niache?

Salamu ndugu zangu,

Mimi ni mtu wa Uvira. Tulifika Missoula, hapa Montana, Marekani, na familia Agosti iliyopita. Nimekulia kwenye Tanganyika: ndagala usiku kwa taa na wavu, mikeke kwa mshipi. Nilipoona mto Clark Fork unapita katikati ya mji, nikanunua leseni na ufito wa mtumba wa kuvulia trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu. Siku ya kwanza, saa tisa alasiri, mzee mmoja akanijia kwa upole akaniambia uvuvi ulifungwa tangu saa nane. Nilirudi nyumbani kwa aibu. Sasa Machi inaisha, watoto wananiuliza kila siku tutaenda lini. Nani anaujua mwaka wa mito hii?

---

Karibu sana kaka, na pole kwa siku ile. Mimi ni wa Nyeri, huu ni mwaka wangu wa kumi na nne hapa. Trauti namjua tangu utoto. Mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyewaleta kutoka Uskochi hadi mto Gura, Nyandarua, mwaka 1905.

Kwanza leseni. Mwaka wake huanza tarehe 1 Machi, kwa hiyo ile ya Agosti imeshakwisha. Kwa kuwa umeshapitisha siku 180 ukiwa mkazi hapa, safari hii utalipa bei ya mwenyeji.

Wakati huu nenda mto Bitterroot, kuanzia saa saba hadi saa kumi mchana, maji yakishapata joto kidogo. Kuna mdudu anaitwa skwala, hutambaa kutoka mtoni akapanda kwenye mawe, na jike akirudi majini kutaga, trauti humsubiri. Usirushe kama unavyorusha mshipi wenye risasi. Nzi bandia hana uzito. Mshipi wenyewe ndio mzito, nao ndio unaombeba. Akishatua, mwache aelee kana kwamba hakufungwa popote. Akikokotwa hata kidogo, samaki hamgusi.

Mei hadi katikati ya Juni, kaka, naomba usiwapeleke watoto. Theluji ya milimani inashuka yote kwa pamoja, mto unakuwa rangi ya chai ya maziwa na unabeba magogo mazima. Najua wewe ni muogeleaji, lakini Tanganyika ni maji ya vuguvugu. Haya yanakaza mikono kwa dakika chache tu, ukashindwa hata kushika tawi. Subirini mto ushuke; mwezi mmoja na nusu si mwingi.

Maji yakianza kutulia, nenda mto Rock Creek uwaone nzi wa samoni, wakubwa kama kidole. Julai hadi Agosti ndipo inapokuja ile sheria iliyokukuta. Inaitwa sheria ya bundi. Najua kwetu bundi si ndege wa heri, lakini jina limetoka kwa wakata miti wa zamani, waliokuwa wakianza kazi alfajiri, bundi bado wanalia, kwa kuogopa moto wa msitu mchana. Maji yakifika nyuzi 73 za Farenhaiti, kama 23 za Selsiasi, siku tatu mfululizo, mto unaweza kufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha. Samaki aliyepigana na mshipi humo, hata ukimwachia akaondoka, anaweza kufa baadaye bila wewe kuona. Mimi nabeba kipimajoto, na yakifika nyuzi 68 nakunja mshipi hata kama sheria haijatangazwa. Nenda alfajiri, tumia panzi bandia karibu na nyasi za ukingoni.

Oktoba na Novemba ni miezi ninayoipenda kuliko yote, hasa siku za mawingu. Ila trauti wa kahawia wanataga wakati huo. Ukiona changarawe iliyosafishwa ikang'aa, usiikanyage. Hapo kuna mayai. Jihadhari vivyo hivyo sasa, maana trauti wa upinde wa mvua hutaga majira haya. Wakati wa baridi kali mimi huenda mto Missouri, chini ya bwawa la Holter.

Kuhusu kula: kila mto una masharti yake kwenye kitabu cha sheria, usome kabla ya kutoka. Tangu mwaka 1974 Montana iliacha kupanda trauti wa kufugwa mitoni, kwa hiyo hawa wamezaliwa humo humo. Na ukishika mwenye pezi la mgongoni lisilo na doa jeusi hata moja, mrudishe mara moja.

---

Asante sana kaka mkubwa. Leseni nimeipata leo. Mke wangu anauliza kuhusu viatu: mawe yanateleza?

---

Yanateleza mno, shemeji ameuliza vizuri. Nunueni fimbo ya kutembelea, na mkanda wa kiunoni juu ya suruali ya maji (ile isiyopenya maji, ya kuingilia mtoni) ufungwe imara, ili ukianguka isijae. Jumamosi saa sita nipo Bitterroot, nitawapitia. Suruali ya ziada ninayo.