Mjadala: "Mkaazi wa Lamu" anayenukuliwa ni nani?

Hoja: Habari ikitoka Lamu, mara nyingi anayenukuliwa ni mwanamume aliyekaa jetini au Mkunguni, mbele ya Ngome. Je, aliye karibu anatosha?

MTANGAZAJI WA REDIO, MALINDI
Aliye karibu anatosha ikiwa jambo linamhusu. Nauli ya boti ikipanda, muulize anayeshuka botini. Kosa ni kumuuliza huyo huyo kuhusu bandari mpya ya Lamu, ilhali wenye mavuo, yaani sehemu za kuvulia, wako Faza na Kizingitini, kisiwani Pate. Kesi ya bandari hiyo iliyoamuliwa Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 ilihusu wavuvi wapatao 4,600. Watu watatu wa jetini hawawezi kuwasemea. Basi andika "watu 3 tuliowakuta jetini", si "wakaazi wa Lamu wanasema".

MHARIRI WA GAZETI, LANGONI
Ndugu yangu, hata aliye karibu ana namna ya kuulizwa. Ukitoa kinasa sauti mbele ya wanaume 6 barazani, mzee akishasema, waliobaki watarudia lake kwa heshima. Mvute mmoja mmoja kando, na uanze na aliyenyamaza. Kabla ya kurekodi muulize: ulikuwa wapi? Uliona kwa macho au uliambiwa? Una cheo, kikundi au kesi katika jambo hili? La tatu ndilo huachwa, na ndipo anayetafuta udiwani huingia gazetini kwa jina la "mkaazi". Usimuulize "umekasirika?" Muulize "ilikuwaje?"

Na wanawake, jamani! Barazani hawakai. Watafute kliniki na sokoni. Wanaotafuta pweza kisiwani Pate, siku za bamvua, maji yakipwa sana, wako miambani. Nenda maji mafu, yasipokupwa sana, uwakute nyumbani wana nafasi ya kuzungumza.

MKUFUNZI WA UANDISHI, MKOMANI
Naongeza daftari la majina. Marekani, mtu mmoja wa jimbo la New York alinukuliwa kama mpita njia zaidi ya mara 100, hata mwaka 2003 shirika la habari la Associated Press likawaambia waandishi wake watafute wengine. Alikuwa akiwahi mbele ya foleni. Mji wetu wa Lamu ni mdogo kuliko New York, na wasemaji hodari wanajulikana. Mhariri atafute jina kwenye matoleo ya miezi 6 kabla ya kuchapisha.

MTANGAZAJI WA REDIO, MALINDI
Daftari sawa, Mwalimu. Lakini habari ya saa saba haimngoji mtu mpaka maji mafu, Dada. Itoke na sauti 2 za jetini, sauti za Pate zifuate wiki hiyo hiyo.

MHARIRI WA GAZETI, LANGONI
"Zifuate" hiyo ndiyo huwa haifuati. Afadhali habari itoke bila maoni ya mtu kuliko na maoni ya asiyehusika.

MKUFUNZI WA UANDISHI, MKOMANI
Na majina je? Kwa shahidi wa shambulio, kama la Mpeketoni Juni 2014, jina, mtaa na picha vikiwekwa pamoja vyatosha kumfikisha adui mlangoni kwake. Mhariri alijue jina. Msomaji aambiwe kazi ya shahidi, umbali aliosimama, na kwa nini jina limefichwa.

MTANGAZAJI WA REDIO, MALINDI
Redioni, hata sauti yenyewe humfichua, maana jirani huitambua. Maneno yake yasomwe na mtangazaji.