Mrejesho: Nimekabidhi biashara yangu ya kupogoa na kuangusha miti

Niliomba ushauri wenu kama niiuze biashara yangu ndogo ya miti kwa mtu wa nje, au nimwachie mpandaji wangu mkuu, yaani kijana anayekwea miti kuikata, ambaye hakuwa na fedha za kulipa kwa mkupuo. Nimemwachia mpandaji, na mkataba umetiwa saini.

Mlinisisitizia nitenganishe thamani ya vifaa na thamani ya jina, yaani sifa ya biashara na wateja wake, na mlikuwa sahihi kabisa. Misumeno ya mnyororo na mashine ya kusaga matawi ilithaminiwa kwa hali yake ya sasa, na daftari la matengenezo lilisaidia sana. Kamba na mikanda ya kupandia sikuiuza, kwa kuwa vifaa vinavyobeba uhai wa mtu huchakaa hata pale jicho lisipoona, nami nisingepata usingizi nikijua kijana yule ananing'inia juu kwa kamba yangu kuukuu.

Kazi kubwa ilikuwa wateja wa kudumu, ambao walinizoea mimi na si jina lililoandikwa garini. Kwa miezi 3 tulikwenda pamoja kwa kila mmoja wao, yeye akikagua mti na kutaja bei, mimi nikinyamaza, jambo lililoniwia gumu kuliko nilivyotarajia.

Bima aliikata kwa jina lake kabla ya siku ya kwanza. Malipo ni ya awamu 24 za kila mwezi, na mashine ya kusaga itabaki mali yangu hadi awamu ya mwisho. Ya kwanza imekwisha kuingia.