Ampu ya hedifoni inavuma usiku tu, asubuhi kimya. Ni pawa saplai au ni nini?

Kinanda_Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana wiki ya pili hii nimekwama. Nimejenga ampu ndogo ya hedifoni, aisii mbili za NE5532 (ndizo zinazokuza sauti), na pawa saplai nimeitengeneza mwenyewe. Transfoma nimeitoa kwenye sabufa mbovu niliyouziwa na fundi mmoja pale Makoroboi, ni 12-0-12 (volti 12 kila upande wa sifuri ya katikati), inaingia kwenye dayodi nne za 1N4007, kisha kapasita mbili za mikrofaradi 2200 volti 35, halafu regulata za kushikilia volti 12, yaani 7812 upande wa chanya na 7912 upande wa hasi. Mita inasoma 12 huku na 12 huku, safi.

Asubuhi ampu imetulia, unavaa hedifoni husikii chochote mpaka unadhani haijawashwa. Ila ikifika saa moja na nusu usiku inaanza mvumo, zzzzzz, na unaongezeka mpaka saa nne hivi ndo unaanza kupungua. Mimi namiksi nyimbo za kwaya yetu na muda wangu ni huohuo wa usiku nikishatoka kazini na watoto wamelala. Sauti ya nne ikishuka chini inakutana na huo mvumo, sijui kama ni wale wa besi wanakosea au ni ampu. Nimeulinganisha na kinanda, unaangukia karibu kabisa na G, ile ya mstari wa chini kabisa wa besi.

FundiWaIgoma
Hiyo ni graundi kaka. Waya zote za graundi zikutane sehemu moja, pale katikati ya kapasita mbili, usiziunge njiani njiani. Na transfoma isikae karibu na aisii, isogeze hata sentimita 15 au izungushe kidogo usikie kama mvumo unabadilika.

Kinanda_Nyegezi
Asante fundi. Graundi nimezirudia zote jana, transfoma nimeitoa nje ya boksi kabisa nikaiacha juu ya meza kwa waya mrefu. Usiku mvumo ni uleule. Na kama ni graundi mbona asubuhi haipo?

TaaZaNansio
Ndugu yangu umeshajijibu bila kujua. Hiyo G uliyoipata kwenye kinanda ni Hz 98 (mitetemo 98 kwa sekunde), karibu sawa na 100. Umeme wetu ni Hz 50, transfoma ikiwa inamwaga sumaku kwenye waya zako ungesikia 50, yaani G ya oktavu ya chini zaidi. Wewe unasikia 100. Umeme ukishapita kwenye dayodi nne kila wimbi linakuwa mawili, 50 inakuwa 100, kwa hiyo unachosikia ni mawimbi ya kwenye kapasita yanayovuka regulata na kuingia kwenye ampu. Swali ni kwa nini regulata inayapitisha usiku na asubuhi inayazuia.

Mimi niko Ukerewe natengeneza taa na chaja za wavuvi wa dagaa, na umeme mdogo ndo chakula changu cha kila siku. 7812 haiwezi kutoa 12 kama inayoingia haijazidi kama volti 2 hivi, yaani inataka 14 kwenda juu. Transfoma yako ikipata 230 unapata 12, zidisha kwa 1.41 unapata karibu 17, toa ya dayodi, kwenye kapasita unabaki na 16. Hapo unapumua. Lakini jioni mtaa mzima umewasha taa, pasi, friji na majiko ya umeme, ukutani ikishuka mpaka 185 kwenye kapasita unabaki na kama 12.8, na hiyo ni kileleni, bondeni ni chini zaidi. Regulata haina cha kuregulate, inakuwa kama waya tu na mawimbi yanapita.

Usipime asubuhi. Pima saa mbili usiku, kwenye kapasita KABLA ya regulata, na pima na ukutani kwa uangalifu. Na kama una betri mbili za bodaboda ziunge upate 12-0-12 uwashe ampu bila transfoma. Ikikaa kimya ampu haina kosa.

(Mwezi mkubwa wiki hii, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, ndo maana nina nafasi ya kuandika yote haya.)

Mzee_wa_Kirumba
Nunua stabilaiza umalize.

TaaZaNansio
Mzee wangu shikamoo. Stabilaiza inasaidia, ila hizi za bei ya kawaida zina rilei ndani, kila umeme ukiyumba unasikia "ta!" na kijana anarekodi kwaya. Dawa iko ndani ya boksi lake.

Kinanda_Nyegezi
Nimepima. Saa mbili na robo usiku ukutani 187, feni yenyewe inazunguka kwa uchovu. Kwenye kapasita 12.6 upande wa chanya na 12.5 hasi. Baada ya 7812 nimepata 10.9! Asubuhi hii 229 ukutani, kwenye kapasita 15.8. Betri nimeazima kwa jirani mwenye bodaboda, kimya kabisa, nimesikia mpaka mtu anageuza karatasi kwenye rekodi ya Jumapili. Sasa ninunue transfoma ya 15-0-15?

TaaZaNansio
Inafaa, ila asubuhi regulata zitachemka zaidi, na hiyo uliyonayo ni nzima. Punguza voltej badala yake. NE5532 kwenye 9 chanya na 9 hasi inafanya kazi vizuri na hedifoni za ohm 32 hazihitaji zaidi ya hapo. Ukikosa 7909 (regulata ya volti 9 ya upande wa hasi) tumia LM317 upande wa chanya na LM337 upande wa hasi, hizo voltej unaipanga mwenyewe kwa rezista, weka ya ohm 240 na ya 1.5k kila upande, utapata 9 na kidogo. Usiku ukiwa na 12.5 bado una nafasi ya volti 3 na nusu.

FundiWaIgoma
Nakubali, nilikosea. Ila kaka angalia miguu, hizi mbili hazifanani. LM317 mguu wa kwanza ni ajasti (wa kupanga voltej), wa kati kutoa, wa tatu kuingia. LM337 wa kati ndo kuingia na wa tatu kutoa. Na bati la mgongoni limeungana na mguu wa kati, ukizifunga zote kwenye bati moja la kupoozea bila kipande cha maika cha kuzuia umeme umepiga shoti chanya na hasi. Nimeshaona kapasita ikipasuka usoni kwa mtu kwa kosa hilo. Weka na fyuzi upande wa umeme wa ukutani, sijaona umeitaja.

Kinanda_Nyegezi
Fyuzi haikuwepo, nimeiweka ya nusu ampia. LM337 nimezunguka maduka matatu mjini, ya nne ndo nikaipata. Nimewasha jana saa mbili usiku ukutani 183, hakuna mvumo, hata nikifungua volyum yote. Nimesikiliza wimbo wa mwanzo mpaka mwisho, na kwenye ubeti wa pili besi wawili kweli wanashuka nusu noti. Jumamosi tunarudia kurekodi.