Pini za etrie ya freni zimekwama kwenye L200, nipake grisi gani?

Shofa wa Ngomo (Bukavu)

Jambo wakubwa. Niko na Mitsubishi L200 ya mazutu. Nashuka na sabuni na sukari hadi Uvira, napanda na mchele wa Luvungi. Anayeijua njia hiyo anajua mteremko wa Ngomo unavyotesa freni. Nikifika Kamanyola, gurudumu la mbele kuume linatoa harufu ya kuungua, la kushoto halina neno. Hata nikiachia pedali, gari linaendelea kuvutika kidogo kuume.

Nimetoa gurudumu: plaketi (pedi ya freni) ya ndani imebaki chuma, ya nje bado nene. Garaji moja ilikuwa imeniwekea plaketi mpya ikasema kazi imekwisha, na sasa ni yaleyale. Shofa mwenzangu anasema shida ni zile pini mbili ambazo etrie, ile koleo inayobana plaketi kwenye disiki, inatelezea, eti nipake grisi tu. Ya rulemani (beringi) za magurudumu ninayo kopo zima. Naweza kuitumia?

Kasuku243

Paka tu ndugu. Grisi ni grisi. Mimi hiyo ya rulemani ndiyo naweka, na gari linatembea.

Papa Garaji (Kadutu)

Mwanangu, funika kwanza hilo kopo.

Etrie ya mbele ya L200 ina pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga, pistoni inasukuma plaketi ya ndani hadi iguse disiki, halafu etrie nzima inateleza kwenye pini zake ili ivute ile ya nje. Pini zikikwama, ya ndani inafanya kazi ya mbili, na ukiachia pedali inaendelea kusugua. Harufu yako ya Kamanyola ndiyo hiyo. Aliyekuuzia plaketi bila kuchomoa pini alikuuzia kuni.

Grisi ya rulemani kwa kawaida ni ya mafuta yatokanayo na petroli, na mipira ya freni haipatani nayo. Inavimba, inalegea, mwishowe inabana pini kuliko kutu. Kasuku, gari lako linatembea, sawa, lakini hapa tunaongea habari ya kusimama. Tafuta grisi ya silikoni ya pini za freni, au ya sintetiki ambayo tyubu yake imeandikwa kwamba ni ya freni na haidhuru mpira. Ile ya rangi ya shaba weka mgongoni mwa plaketi, chuma kinapogusana na chuma. Kwenye pini zenye mpira, hapana.

Tafuta mahali tambarare, kama Bukavu utapapata. Zuia magurudumu ya nyuma, inua kwa kriki (jeki), weka stendi ya chuma. Na nyie wa Goma mnaosoma hapa: jiwe la volkano si stendi, lina matundu ndani, linapasuka bila kuaga.

Ukifungua etrie ifunge juu kwa waya, isining'inie kwa bomba lake. Chomoa pini ukizungusha, na kabla hujazifuta angalia ipi ni ya juu na ipi ya chini. Magari mengi pini zake hazifanani, moja ina kampira kwenye ncha au ubavu uliochongwa bapa. Kila moja irudi kwake.

Kisha safisha, na hapa ndipo mafundi wengi wanaruka. Wanafuta pini, wanasahau shimo, na uchafu wote uko ndani ya shimo. Tumia dawa ya kusafishia freni, au alkoholi. Esansi, petroli ya gari, usiguse, nayo inaharibu mpira. Kutu nyepesi inatoka kwa msasa laini. Pini yenye vishimo vya kutu, au iliyopinda, ni ya kutupa. Kofia ya mpira ikiwa imechanika, maji na vumbi vinapita hapo, kwa hiyo ibadilishe, la sivyo umecheza tu.

Paka safu nyembamba kuzunguka pini. Ukijaza shimo, hewa inakosa pa kutokea, pini inarudishwa nje na etrie haitulii. Ikiingia vizuri inakwenda na kurudi kwa mkono.

Ukirudisha pistoni ndani, chunga mtungi wa mafuta ya freni: yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Pistoni ikikataa kurudi, basi mgonjwa si pini peke yake. Mwisho pampu pedali hadi iwe ngumu, ndipo uwashe gari uondoke.

Mama Vigo

Papa, mimi Hilux Vigo ya 2010, 4x4. Pini za kuteleza mbele nimetafuta sizioni.

Papa Garaji (Kadutu)

Hutaziona, Mama. Etrie yake ya mbele haisogei, ina pistoni mbili kila upande. Pini unazoziona zinashikilia plaketi tu. Zitoe kutu ili plaketi zisikwame, basi.

Shofa wa Ngomo (Bukavu)

Aksanti Papa. Ya juu imetoka kwa mkono, ya chini imetaka nyundo, na kofia yake imechanika. Sokoni nimepata pini pamoja na mipira yake. Upande wa kushoto usio na shida niuache?

Papa Garaji (Kadutu)

Usiuache. Fungua, safisha, paka, na plaketi weka mpya pande zote mbili siku moja, gari lisije likavuta upande. Disiki ya kuume nayo iangalie kabla ya kufunga, maana imepikwa sana. Ikiwa na nyufa, ni ya kutupa. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umechongwa kwenye disiki yenyewe, sugua kutu uusome. Na Ngomo shuka na gia ndogo, injini ishike gari, mguu upumzike.