Fundi kashusha giaboksi nzima, kabadilisha pleti ya klachi tu. Huu ni wizi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Gari langu ni foo-wili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kazi za porini. Klachi ilianza kuteleza: upo gia ya 4 kwenye mlima, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Nikanunua seti kamili, yaani pleti, presha pleti (inayoibana pleti) na rilizi beringi (inayoiachia ukikanyaga pedali), nikaikabidhi gereji ikiwa ndani ya boksi lake. Nimerudishiwa gari linalotetemeka bodi nzima kila nikiachia klachi, na nikikanyaga pedali nasikia mkwaruzo. Kumuuliza fundi, ananijibu: "Klachi mpya hiyo bosi, itazoea."

Izoee nini? Najua pleti mpya inataka kuendeshwa kwa upole kilomita mia kadhaa hadi ikae sawa na flaiwili, ile sahani nzito ya nyuma ya injini inayobanana nayo. Lakini kutetemeka kiasi cha kugongesha milango si kuzoea, na beringi inayolia haijawahi kupona kwa kuendeshwa.

Nikampelekea fundi mwingine, akashusha upya mbele ya macho yangu. Pleti mpya, sawa, ipo. Presha pleti ni ile ile ya zamani. Beringi ni ile ile, ukiizungusha kwa vidole inakwaruza. Flaiwili ina madoa ya bluu ya kuungua na hakuna aliyeipeleka kuchongwa, hata kuifuta hawakuifuta. Kibaya kuliko vyote, sili ya nyuma ya krenkishafti, inayozuia oili ya injini isitoke, inavuja na oili imeshaingia kwenye pleti. Pleti ikishanyonya oili imekufa. Usidanganywe na mtu wa kuiosha kwa petroli na kuisugua kwa msasa, ikipata moto oili inatoka tena.

Halafu kitovu cha pleti kimepinda. Maana yake wakati wa kurudisha, giaboksi iliachwa ikaning'inia kwa uzito wake wote juu ya shafti yake inayoingia kwenye kitovu hicho, huku wakitafuta bolti.

Kinachoniuma ni hiki. Kwenye foo-wili, kazi yenyewe ni kufika kwenye klachi. Unafungua propela shafti mbili zinazopeleka nguvu magurudumuni, ya mbele na ya nyuma, unatoa krosmemba (chuma cha chini kinachobeba giaboksi), unahangaika na transfa kesi, inayogawa nguvu mbele na nyuma, iliyoshikana na giaboksi, mzigo ambao bila jeki yake unaweza kumvunja mtu mguu. Ukishafika huko ndani, kubadilisha sili ni kazi ndogo kabisa. Beringi inachomekwa tu! Anayeviacha anajua fika kwamba nitalipia safari ile ile upya, kuanzia bolti ya kwanza.

Na gari hili halitembei lami. Klachi ikigoma ukiwa katikati ya mlima wa mawe, gia haisukumi wala injini haikushikilii usirudi nyuma, umebaki na breki peke yake. Ndani kuna watu.

Sasa presha pleti yangu mpya na beringi yangu mpya ziko wapi? Nimemuuliza, anasema "labda zilitupwa na boksi". Nataka vitu vyangu, nataka pleti nyingine badala ya iliyoharibiwa, na nataka hela ya ufundi irudi yote. Aliyewahi kumdai fundi wa hivi akalipwa, alianzia wapi? Spea zote za zamani ninazo, na picha nimepiga kabla hakijafutwa chochote.